Filamu Isiyo na Jina: Thamani ya Onyesho la Fumbo na Kadi ya Uanachama

Wazee wetu walitukanya tusiuziwe mbuzi guniani. Mnunuzi mwenye akili humtoa mbuzi nje, akamtazama meno, akampapasa mgongo, ndipo akafungua kibindo. Sisi kina mama wa Pwani tuna kanuni yetu ya namna hiyo katika ununuzi wa leso: doti hailipiwi mpaka jina lake lisomwe. Leso yaweza kuwa na rangi za kupendeza na mji wa kuvutia, kumbe jina lake ni kijembe ambacho huwezi kumpelekea jirani, sembuse mkweo.

Kanuni hiyo niliishika kwa miaka mingi, hadi jioni moja ya Jumatatu katika mji wa Leicester, Uingereza, nilipojikuta nimelipa pesa zangu kutazama filamu ambayo sikuijua jina, wala waigizaji, wala kisa chake.

Nilikuwa nimekwenda kumwangalia mdogo wangu aliyejifungua. Nilikaa naye arubaini nzima, kazi yangu ikiwa ni kumpikia uji wa pilipili manga, kumkanda, na kumwogesha mtoto. Binti yake wa kwanza, mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 19, ndiye aliyekuwa akinisaidia. Wiki ya tatu ilipomalizika akaniambia, "Mama mkubwa, hujatoka nje ila kwenda sokoni. Leo nakupeleka sinema." Nikamuuliza tunakwenda kutazama nini. Akacheka, akasema, "Hakuna ajuaye. Ndiyo raha yake."

Yeye hakulipa kitu mlangoni. Alitoa simu, akaonyesha kadi yake ya uanachama, akapita. Mimi nilinunua tiketi. Tofauti hiyo ndogo baina yetu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya, kwa kuwa kabla ya usiku kwisha ilikuwa imenifunza jambo kuhusu pesa, na kuhusu nafsi yangu pia.

Fumbo hufumbwaje?

Onyesho la fumbo ni onyesho la filamu ambayo, aghalabu, bado haijaanza kuonyeshwa rasmi. Jumba la sinema hutangaza siku, saa, kiwango cha umri, na mara nyingi urefu wa filamu kwa dakika. Jina halitajwi. Mtazamaji hununua tiketi, kwa kawaida kwa bei iliyo chini ya ile ya siku nyingine, akaketi, akangoja. Nchini Uingereza majumba ya Odeon huyaita maonyesho hayo Screen Unseen. Kampuni ya AMC ya Marekani, iliyoinunua Odeon mwaka 2016, imelichukua jina hilo hilo na kulitumia katika majumba yake. Majumba ya Regal, ambayo pia ni ya Marekani, yana fumbo lao la Jumatatu, na tiketi yake imekuwa ikiuzwa kwa dola 5.

Siku ya Jumatatu haikuchaguliwa kwa bahati. Watu huenda sinema mwisho wa wiki. Jumatatu viti vingi hukaa vitupu, na kiti kilichokaa kitupu usiku wa leo hakiwezi kuwekwa akiba kiuzwe kesho. Kwa mwenye jumba, afadhali kiti kiuzwe kwa bei ndogo kuliko kisiuzwe kabisa. Kwa mwenye filamu, watazamaji mia mbili wanaotoka usiku huo wakiisifu kazi yake kwa ndugu na marafiki ni tangazo ambalo hajalilipia. Biashara haigombi, na hapa kila upande unapata chake.

Watazamaji nao hawakubali kufungwa macho kirahisi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Binti yetu alinionyesha jinsi yeye na wenzake wanavyolifumbua: huchukua ule urefu uliotangazwa, tuseme dakika 112, wakautafuta katika orodha ya filamu zitakazotoka majuma machache yajayo, kisha wakalinganisha na kiwango cha umri. Mara nyingi hubaki na filamu mbili au tatu tu, wakabishana juu ya hizo hadi saa ya onyesho. Nilistaajabu kuona kwamba mabishano hayo yaliwafurahisha karibu sawa na filamu yenyewe.

Jibu hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Uingereza, BBFC, iliyoasisiwa mwaka 1912. Kabla ya filamu kuanza, cheti cha bodi hiyo huonyeshwa kwenye skrini nzima kikiwa na jina la filamu na kiwango chake: U, PG, 12A, 15 au 18. Huo ndio wakati ukumbi mzima hujua ulichokinunua. Wengine hupiga makofi, wengine huguna, na wapo wanaochukua makoti yao wakaenda zao papo hapo.

Mlango wa Riverside

Desturi ya kuwaonyesha watu filamu bila ya kuwaambia jina si ya leo. Watengenezaji wa Hollywood waliitumia tangu zamani kupima kazi zao. Walipeleka filamu katika mji ulio kando, wakaionyesha bila ya tangazo, kisha wakawagawia watazamaji kadi waandike maoni yao. Yaliyoandikwa katika kadi hizo yaliweza kubadilisha mwisho wa kisa, au kuondoa tukio zima.

Onyesho linalokumbukwa mno katika haya lilifanyika tarehe 9 Septemba 1939 katika jumba la Fox, mji wa Riverside, California. Watu walikuwa wamekuja kutazama filamu nyingine kabisa. Mtayarishaji David O. Selznick aliingia na makasha ya filamu yake mpya, na hadhira ikatangaziwa kwamba itaonyeshwa filamu ndefu isiyotajwa jina. Asiyetaka kukaa na atoke sasa, kwa kuwa ikishaanza milango itafungwa. Filamu hiyo ilikuwa Gone with the Wind, yenye urefu wa zaidi ya saa nne, ambayo ulimwengu uliisubiri hadi Desemba mwaka huo. Jina lilipotokea kwenye skrini, ukumbi ulilipuka kwa vifijo.

Kisa hicho husimuliwa kwa sababu ya vile vifijo. Mimi kilichonishika ni ule mlango. Watu wa Riverside walipewa nafasi moja tu ya kutoka, nayo ilikuwa kabla ya kujua chochote. Siku hizi milango haifungwi, lakini nilichokiona Leicester ni kwamba mtu aweza kujifungia mwenyewe.

Jioni ya Leicester

Cheti kilipotokea kilikuwa cha 15, na chini yake maneno machache ya tahadhari ambayo sikuwahi kuyamaliza kuyasoma. Jina la filamu halikuniambia kitu. Kwa nusu saa ya mwanzo ilikuwa hadithi nzuri ya familia iliyorithi nyumba yenye ugomvi, nami nilianza kuifurahia. Kisha mambo yakageuka. Sitayaeleza, itoshe kusema kwamba ni mambo ambayo hukai kuyatazama ukiwa na binti wa mdogo wako pembeni, awe na miaka 19 au 30.

Aliniinamia, akaninong'oneza, "Mama mkubwa, tutoke."

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyepaswa kusema neno hilo. Lakini akilini nilikuwa nikiizidisha ile pauni kwa shilingi zetu, nikiona kilo za mchele zilizoingia katika tiketi ile. Nikamjibu, "Ngoja kidogo, huenda ikapita." Ikapita kweli. Kisha ikaja nyingine mbaya zaidi. Binti akasimama, akajifunga mtandio vizuri, akapita mbele ya magoti ya watu akiwaomba radhi, akatoka. Nami nilibaki nimeketi dakika nzima, labda mbili, peke yangu, nikilinda pesa ambazo zilikwisha kuingia katika sanduku la mwenye jumba.

Nilimkuta nje kwenye benchi. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama nataka chai. Tulipokuwa tukingoja basi nikamwambia ukweli, kwamba nilichelewa kwa sababu nililipa, na kwamba yeye alikuwa mwepesi kwa kuwa hakulipa. Akasema, "Nililipa, Mama mkubwa. Nalipa kila mwezi. Lakini nikikaa au nikitoka, benki itanikata kiasi kile kile, basi sina cha kulinda mle ndani. Na wewe pia. Tiketi yako ilikwisha kulipwa tulipoingia. Kilichobaki mkononi mwako kilikuwa muda wako."

Nimewahi kusikia mawaidha mengi juu ya mali. Machache yamenikaa kama hayo yaliyosemwa kituoni, kwenye baridi, na mtoto niliyempakata alipozaliwa.

Hesabu ya kadi

Hata hivyo, kila jambo lina pande mbili. Asubuhi yake nilipomsimulia mdogo wangu, nikimsifu binti na kadi yake, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, umeona anavyotoka. Hujaona anavyokwenda." Akanieleza kwamba tangu kadi ile ipatikane, Jumatatu ni fumbo, Jumatano ni filamu ambayo hata jina lake hulisahau, Ijumaa ni nyingine, kwa hoja kwamba asipokwenda pesa zinapotea. Kadi iliyomfungulia mlango wa kutoka ilikuwa ikimvuta kwenye mlango wa kuingia.

Basi tukaketi, mtoto mchanga akiwa mapajani, tukaanza kuitafakari kadi hiyo kwa hesabu.

Kadi za namna hii zilipata umaarufu Ulaya mwaka 2000, pale kampuni ya UGC ya Ufaransa ilipotoa kadi iliyoitwa Illimité: faranga 98 kwa mwezi, utazame filamu nyingi kadiri upendavyo. Majumba ya UGC yaliyokuwa Uingereza nayo yakawa na kadi yake, na yaliponunuliwa na Cineworld kadi iliendelea kwa jina la Unlimited. Sharti lake la kawaida limekuwa mkataba wa miezi 12: ukishajiunga, hutoki kabla ya mwaka kwisha.

Marekani ilipitia kisa ambacho kila mwenye kupenda vya rahisi anapaswa kukijua. Agosti 2017, kampuni ya MoviePass ilishusha ada yake hadi dola 9.95 kwa mwezi, ikaahidi filamu moja kila siku. Bei ya wastani ya tiketi nchini humo mwaka ule ilikuwa dola 8.97. Maana yake, mwanachama akitazama filamu moja tu, kampuni inabakiwa na senti 98, kwa kuwa majumba ya sinema ililazimika kuyalipa bei kamili. Akitazama ya pili, kampuni imeingia hasarani. Watu walijiandikisha kwa wingi, na kufikia Juni 2018 wanachama walizidi milioni 3. Kadiri walivyoongezeka ndivyo shimo lilivyochimbika. Masharti yakaanza kubadilishwa, filamu zikapunguzwa, na tarehe 14 Septemba 2019 huduma ikafungwa. Mwaka 2021 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja ilidai kwamba kampuni hiyo ilikuwa ikizibatilisha nywila za wateja waliotumia kadi mno, ili washindwe kuingia.

Funzo ni kwamba kadi yenye kuahidi kila kitu kwa bei ya kitu kimoja inategemea wewe usiitumie. Ukiitumia sana, ama kampuni itaanguka ama itakutafutia kizuizi.

Wenye majumba wenyewe walijifunza. Juni 2018, AMC ilianzisha kadi yake kwa dola 19.95 kwa mwezi, filamu zisizozidi tatu kwa wiki. Tuipime. Tiketi ya wastani mwaka 2018 ilikuwa dola 9.11. Anayekwenda mara mbili kwa mwezi angelipa mlangoni dola 18.22, kwa hiyo kadi inamtia hasara ya dola 1.73. Anayekwenda mara tatu angelipa dola 27.33, na kadi inamwokolea dola 7.38. Mpaka, basi, ulikuwa baina ya mbili na tatu. Bei hubadilika kila mwaka na kila mji, lakini hesabu ni ile ile: gawanya ada ya mwezi kwa bei ya tiketi moja, na jibu litakuonyesha ni lazima uende mara ngapi ndipo uanze kufaidika.

Mwenye jumba hapungukiwi sana na ukarimu huo, kwa sababu faida yake kubwa haiko kwenye tiketi. Sehemu nzuri ya pesa za tiketi humrudia mwenye filamu, ilhali pesa za bisi na soda hubaki karibu zote kwa jumba. Mwanachama anayekuja mara tano kwa mwezi hupita mbele ya harufu ya bisi mara tano. Punguzo la vitafunio analopewa ni mwaliko wa kununua kile ambacho asingekinunua.

Jambo jingine linalowahusu wasomaji wetu hasa: kadi ni ya mtu mmoja. Mama mwenye watoto wanne, akiwa na kadi, huingia yeye bure na kununua tiketi nne. Kadi hizi zilibuniwa kwa kijana asiye na familia, mwenye jioni tupu na jumba karibu na nyumbani. Kwa familia inayotoka pamoja mara moja baada ya miezi miwili, siku ya bei nafuu au tiketi ya familia huwa na maana zaidi.

Onyesho la kina mama

Nilipokuwa nikimsikiliza mdogo wangu, nilimkumbuka marehemu mama yetu. Yeye na wenzake walipenda sinema kutushinda sisi, na hawakuwahi kuwa na kadi. Wasomaji wetu wa umri mkubwa watayakumbuka maonyesho ya kina mama, huku Mombasa na kule Unguja, ambapo jumba zima lilikuwa la wanawake na watoto wao. Waliteremka mitaa kwa makundi, mabuibui yao yakinukia udi, wakaenda kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri. Awara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilizungumzwa majumbani kwa miaka mingi baadaye, na nyimbo zake ziliimbwa jikoni na watu wasiojua Kihindi.

Mama hakwenda kutazama fumbo. Kabla hajavaa buibui alikuwa amekwisha kujua kisa kizima, kwa sababu kaka yake alitangulia usiku wa jana, akaja akasimulia nani anakufa, nani anaolewa, na mahali pa kulia ni wapi. Kujua hakukumpunguzia raha. Alilia pale pale alipoambiwa atalia. Kulikuwa na mtu anayemwamini aliyeitazama filamu mbele yake, na mtu huyo alijua haya za nyumba ile na mipaka yake.

Hapo ndipo nilipolielewa vyema fumbo la Leicester. Onyesho la fumbo nalo linaomba imani: kwamba aliyekuchagulia anakujua. Lakini jumba la sinema halikujui. Linajua umri wako tu. Viwango vya BBFC, na vile vya Bodi yetu ya Uainishaji wa Filamu Kenya, yaani GE, PG, 16 na 18, vinatusaidia sana kujua filamu inamfaa mtoto wa umri gani. Havikuwekwa kutuambia inafaa kutazamwa na nani akiwa pamoja na nani. Filamu ambayo mtu mzima aweza kuitazama peke yake, huenda asiweze kuitazama akiwa na mama yake. Kipimo hicho cha pili hakiandikwi kwenye cheti, ni cha kila nyumba, na katika onyesho la fumbo hukipati nafasi ya kukitumia mpaka uwe umekwisha kuketi.

Ya kupima kabla ya kulipa

Hapa kwetu Pwani majumba ya sinema yamebaki machache, na huenda msomaji akasema mambo haya ya kadi yako mbali naye. Hayako mbali. Ada ya mwezi ya king'amuzi, ya filamu za intaneti, ya ukumbi wa mazoezi, zote zimeshonwa kwa uzi huo huo. Na wengi wetu tuna watoto na ndugu Uingereza, Marekani na Ghuba ambao kadi hizi wanazo mifukoni. Kwa hiyo nayaandika tuliyokubaliana siku ile, yawafae na wengine.

Kwanza, hesabu zilizopita, usihesabu zijazo. Usijiulize utakwenda mara ngapi. Jiulize ulikwenda mara ngapi katika miezi mitatu iliyokwisha. Mtu anayejiunga hujiona yu tayari kwenda kila wiki, na ni mtu yule yule aliyeshindwa kwenda mwezi uliopita.

Pili, toa miezi isiyotumika. Kwa nyumba zetu, Ramadhani ni mwezi ambao kadi italala. Miezi ya mitihani pia, na safari, na kuuguza. Mkataba wa miezi 12 unalipiwa miezi 12, hata kama ni 9 tu inayotumika.

Tatu, soma sharti la kujitoa kabla ya sharti la kujiunga. Uliza muda wa chini wa mkataba, uliza utoe taarifa siku ngapi kabla, na uliza ada yaweza kupandishwa katikati au la. Ikiwa pesa hukatwa benki zenyewe, andika tarehe ya mwisho mahali utakapoiona.

Nne, tazama saa. Filamu ya saa mbili na nusu, pamoja na matangazo ya mwanzo, hula karibu saa tatu. Wakati wa baridi kule Uingereza, Magharibi huingia alasiri bado changa, na onyesho la jioni laweza kuikuta Isha. Urefu uliotangazwa si wa kufumbulia fumbo peke yake, ni wa kupangia ratiba ya nyumba.

Tano, katika onyesho la fumbo, kubalianeni kabla ya kuingia. Chagueni lile la kiwango cha PG au 12A mkiwa wa umri mchanganyiko. Na yeyote atakayesema "tutoke", mkubwa au mdogo, wote watoke bila ya mjadala. Mjadala ufanywe nje.

Hili la tano ndilo nililolisisitiza mimi, na mdogo wangu alijua kwa nini.

Daftari la binti

Arubaini ilikwisha, nikarejea Mombasa. Binti yetu alikubaliana na mama yake juu ya jambo moja: kila filamu atakayoitazama ataitia duara kwenye kalenda iliyotundikwa jikoni, mpaka mkataba wa kadi yake ufike mwisho. Siku ilipofika wakanipigia simu, naye akanisomea. Katika miezi 12, miezi 7 ilikuwa imevuka ule mpaka wa kufaidika. Mitano haikuuvuka. Ramadhani haikuwa na duara hata moja, na mwezi wa mitihani ulikuwa na moja. Alipojumlisha yote, kadi ilikuwa imemwokolea pesa kidogo, kiasi cha kumnunulia mdogo wake viatu vya kuanzia kutembea.

Alikuwa na furaha, na mimi nilikuwa tayari kumwambia aendelee. Lakini mama yake akamuuliza swali ambalo sikulifikiria: katika filamu zote hizo, ngapi ungezilipia kutoka mfukoni mwako? Binti akaichukua kalenda tena. Nilimsikia akihesabu kwa sauti ya chini, akirudi nyuma, akisita. Hazikufika nusu. Na filamu ambayo asingeilipia kwa hiari yake haiwezi kuhesabiwa kuwa ni akiba.

Akaiacha kadi. Siku hizi hununua tiketi, na kabla ya kununua hulisoma jina, husoma na yale maneno ya tahadhari yaliyo chini yake, kama tusomavyo leso. Fumbo hakuliacha kabisa. Mara moja moja, wenzake wakimwita, huenda. Aliniambia kwamba akienda huomba kiti cha ukingoni, karibu na mlango.